Kotonii ya mama na joto lisilopigwa picha

Juzi usiku nilimpigia mama simu kumuuliza bamvua, zile siku maji ya bahari yanapojaa na kutoka kupita kiasi, limekwendaje, nikamuamkia, akaitika marahaba, halafu akanyamaza kidogo akasema "mwani umekufa tena mwanangu." Alisema vile vile kama mtu anavosema umeme umekatika. Hakulia wala hakumlaumu mtu, akahamia kuniuliza watoto wanaendeleaje, na mie nikabaki nimekaa kitandani na simu mkononi usingizi umeruka. Nikasema leo lazima niandike, maana kila siku nasikia redioni na mitandaoni watu wanazungumza mabadiliko ya tabianchi kama vile ni mgeni atakuja mwaka 2050, na sisi kwetu alishaingia ndani, akachukua pesa, akatoka, tena kitambo.

Mama analima mwani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kwa ambao hamjawahi kufika, bahari ya kule ina mwamba huko mbali mawimbi yanakopasukia, na baina ya mwamba na ufukwe maji ni mafupi, yakitoka unakwenda kwa miguu mpaka ufukwe unauona mdogo. Humo ndimo wanawake wanamochomeka vijiti, wanafunga kamba kutoka kijiti hichi mpaka chengine, na kwenye kamba wananing'iniza vipande vya mwani kwa vijikamba wenyewe wanaviita taitai. Wiki sita hivi unavuna, unatoa nje, unaanika, na kilo saba nane za mwani mbichi zikikauka unabaki na kilo moja. Hio kilo moja ndo inayopimwa na mnunuzi, ndo inasafirishwa nje, huko wanatoa kitu kinaitwa karagenani kinachotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu, vipodozi na dawa za hospitali. Yaani inawezekana kabisa asubuhi umepiga mswaki na jasho la mama yangu.

Kilimo hichi si cha mababu. Utafiti wake ulianza miaka ya 70 na mtu wa kutajwa hapo ni Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini cha biashara hasa kimeanza 1989, mbegu zimeletwa kutoka Ufilipino, na vijiji vya mwanzo vilikuwa hivi vyetu, Paje na Jambiani. Mama aliingia mapema, kabla sijaanza skuli. Mwanzo wanaume wengi hawakuitaka kazi ile, waliiona ya kuinama juani kwa pesa ndogo, wakawaachia wanawake, na mpaka leo katika wakulima zaidi ya 20,000 wa mwani Zanzibar, wanane katika kila kumi ni wanawake.

Sasa fikirini pesa ile iliingia wapi. Iliingia mkononi mwa mwanamke wa kijijini ambae kabla ya hapo akitaka hata kanga lazima amuombe mume. Mama alinunua mabati akatoa makuti, akanunua kitanda chake mwenyewe, akatulipia madaftari na sare, na mie hapa ninaeandika nimesoma kwa mwani, sina jengine la kusema. Najua nyumba kijijini kwetu mpaka leo watu wakizionesha wanasema "hii imejengwa na kotonii."

Na hapo kwenye kotonii ndo penyewe.

Kuna mwani aina mbili wanaolima watu wetu, kotonii na spinosumu. Kotonii ni mnene, karagenani yake inaganda vizuri zaidi, viwanda vinaitaka, na bei yake siku zote iko juu sana kuliko mwenzake. Spinosumu ni mwembamba, bei ya chini, lakini mvumilivu. Miaka ile ya mwanzo mama alikuwa na kotonii. Halafu kuanzia kama 2001 hivi ukaanza kufa. Unakwenda bamvua hili mzuri, bamvua linalofuata unakuta matawi yamegeuka meupe kama yamemwagiwa maji ya moto, laini, ukiyagusa yanakatika, mengine yameshachukuliwa na maji na imebaki kamba tupu na taitai zake. Ule weupe unaitwa aisi-aisi, ni ugonjwa unaoushika mwani ukiwa umechoka, na kinachouchosha zaidi ni joto, chumvi ikibadilika ghafla na mwanga mkali. Wakapanda tena, ukafa tena. Wakaomba mbegu Pemba, ukafa. Mwisho mmoja mmoja wakahamia spinosumu, na pwani ya mashariki ya Unguja kotonii ikawa jina la kuhadithia.

Watu wa mjini wakisikia "bahari imepata joto" wanadhani ni bahari yote imechemka, sivyo. Mwani unapenda maji ya digrii 25 mpaka 30. Bahari kuu huko nje ikipanda hata digrii moja samaki wanaweza wakahama kidogo, watu wasijue, lakini humu ndani ya mwamba maji ni ya magotini na jua linayapika. Na kuna jambo ambalo kila mkulima wa mwani analijua na sijaliona likiandikwa: kwetu siku za bamvua maji hutoka kabisa kwenye saa nne saa tano asubuhi, yaani maji yanakuwa mafupi kupita kiasi wakati ule ule jua linapanda kichwani. Ongeza msimu wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, upepo umetulia na joto limeshika, hapo mwani unakaa kwenye maji ya moto masaa. Kwenye maji mafupi ya humo ndani yamepimwa mpaka zaidi ya digrii 35. Kwa hio ile digrii moja ya wataalamu, inayoonekana ndogo kwenye karatasi, kwetu ndo ile iliyovuka mstari baina ya mwani kuchoka na mwani kufa. Mama hajawahi kushika kipimajoto, ila alinambia zamani ukisimama shambani saa tano miguu inasikia ubaridi kwa chini, siku hizi "chini na juu sawa."

Nisiseme uongo hapa, sio joto peke yake. Dokta Flower Msuya, mtafiti wa mwani ambae amefanya kazi na hawa akina mama miaka mingi amekuwa akieleza kwamba mambo yamechanganyika. Mbegu yenyewe imechoka, kwa sababu mwani haupandwi kwa mbegu kama mahindi, unakata kipande cha ule ule na kukifunga tena, kwa hio tunalima mmea ule ule mmoja uliokatwa na kukatwa tangu 1989, na mmea ambao wote ni ndugu ugonjwa ukiingia unawamaliza wote. Bei nayo imewakatisha tamaa watu wengi, mnunuzi akisema kilo ni kadhaa ni kadhaa, utaipeleka wapi. Lakini mbegu iliochoka ikikaa kwenye maji ya baridi inaishi, ikikaa kwenye maji ya moto inakufa. Joto ndo linaloikuta nyumba yenye ufa na kuiangusha.

Linaloniuma mie zaidi ni kwamba hasara hii haionekani. Kimbunga kikija kuna mapaa yaliyong'oka, kuna picha, kuna kiongozi kaja na gari, kuna idadi. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu Mei 2024 nchi nzima ilikuwa macho, Mafia na kusini huko watu wakafuatilia saa kwa saa, na ni sawa kabisa. Lakini mwani wa mama yangu ulikufa kimya, kamba baada ya kamba, miaka zaidi ya ishirini. Hata takwimu hazikuuona vizuri, kwa sababu takwimu zinahesabu tani. Mkulima alieacha kotonii akalima spinosumu bado anatoa tani, Pemba wakaongeza kulima, tani zikajazwa, ukiangalia kwenye jedwali unasema mbona mambo si mabaya sana. Kwenye jedwali hapaandikwi kwamba mwanamke yule yule anainama masaa yale yale, anabeba mzigo ule ule, kwa pesa nusu au chini ya nusu. Uchumi haujaanguka, umempandia mtu mgongoni tu.

Na yeye anaufidia kwa nini? Kwa mwili wake. Mama alikuwa na kamba mia, akafika mia tatu ili apate kile kile. Sasa mgongo umekwisha, macho yanamuuma kwa ule mwanga wa maji, na dada yangu mdogo aliacha skuli form two mwaka ambao mwani ulikufa mara mbili mfululizo. Hakuna ripoti ya mabadiliko ya tabianchi itakayomuandika dada yangu. Ataandikwa kwenye "utoro."

Halafu linakuja suluhisho, na hapa naomba msomaji asinielewe vibaya, silipingi. Wataalamu wanasema mwani uhamie maji ya kina, huko joto halifiki, na wamejaribu nyavu za mfano wa bomba ambazo mwani unatiwa ndani usichukuliwe na mawimbi, na kotonii ikaota kweli. Nimeiona kwa macho yangu, mwekundu ule mzito, mama alivoushika alinyamaza. Lakini maji ya kina yanataka dau au boti. Yanataka mtu anaejua kuogelea. Wanawake wengi wa kwetu waliozaliwa pwani, wakakulia pwani, wanaofanya kazi baharini kila siku ya Mungu, hawajui kuogelea, hawakufunzwa, mtoto wa kike kuogelea ilikuwa ni aibu. Mwenye dau ni nani? Mwanaume. Anaejua kupiga mbizi ni nani? Mwanaume. Kwa hio joto limechukua pesa ya wanawake mara moja, na tukienda ovyo ovyo dawa ya joto itaichukua mara ya pili. Serikali chini ya hii sera ya Uchumi wa Buluu, yaani uchumi wa kazi za baharini, imegawa boti kwa wavuvi na wakulima wa mwani, ni jambo zuri, ila boti ya kikundi ukitazama nani anaeshika mashine utajua nani atakaegawa mavuno. Kuna mahali akina mama wanafunzwa kuogelea, na mie hio naiona ni kazi kubwa kuliko semina kumi za hotelini.

Wengine wamegeuka njia nyengine. Hapo hapo Jambiani kuna wanaolima sponji za baharini ambazo zinavumilia zaidi, na Paje wako wanaotengeneza sabuni na mafuta ya mwani, kilo moja ya mwani ukiigeuza sabuni inakupa pesa ambayo kilo kumi kavu hazikupi. Pemba kuna kiwanda cha mwani cha Chamanangwe. Vyote vizuri. Lakini sabuni anauziwa nani? Watalii. Na watalii ndo habari nyengine.

Manake ukikaa ukaitazama Zanzibar vizuri, pesa yetu ya kigeni imesimama kwenye miguu mitatu, utalii, karafuu, mwani. Utalii pekee ni zaidi ya robo ya pato letu. Na miguu yote mitatu imo majini au inasubiri mvua. Mtalii anafuata fukwe na matumbawe. Matumbawe yalipigwa na joto 1998, Bahari ya Hindi yote upande huu, yakageuka meupe na mengi yakafa, na yamepigwa tena baadae, yakaanza kurudi na yakapigwa tena. Tumbawe likifa samaki wanapungua, na ule mwamba unaotukinga na mawimbi unaanza kuliwa, mchanga unaondoka, hoteli inajenga ukuta mbele yake, ukuta unasukuma maji kwa jirani asiokuwa na ukuta. Visima navyo vya pwani vinaingia chumvi, nyumbani kwetu kisima ambacho bibi alikuwa anasifiwa maji yake sasa ni cha kufulia tu.

Karafuu je? Hapa nataka nirudi nyuma kidogo kwa sababu kuna kitu tunakisahau. Tarehe 15 Aprili 1872, Sultani Sayyid Barghash hajatimiza hata miaka miwili kwenye kiti, kikaja kimbunga Unguja, kikazamisha majahazi na meli bandarini na kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba kikaigusa kidogo tu. Kabla ya hapo Unguja ndo ilikuwa shamba la karafuu, baada ya hapo karafuu ikahamia Pemba na haijarudi mpaka leo, miaka zaidi ya 150. Mkarafuu si mchicha, unaupanda wewe, anakula mwanao. Siku moja ya upepo ikahamisha uchumi kutoka kisiwa kimoja mpaka chengine, wenye mashamba wakafilisika, na waliolipa zaidi walikuwa watumwa na vibarua wa mashamba yale, sababu miti ilibidi ipandwe upya na mikono ya watu. Simaanishi kwamba kimbunga kile kililetwa na moshi wa viwanda, hapana, ni cha zamani. Ninachosema ni kwamba sisi tuna ushahidi wetu wenyewe nini hutokea nchi ndogo inapoweka mayai yote chini ya mti mmoja na hali ya hewa ikaukuta. Vimbunga upande wetu huwa nadra, Lindi walipata chao 1952, mara nyingi vinakwenda Msumbiji na Madagaska. Bahari ikizidi kuwa ya moto sitaki kuwa mtu wa kuamini kwamba vitatupita siku zote.

Na hata bila kimbunga, Pemba sasa karafuu inavunwa na mvua haijulikani inakuja lini, umeanika majamvini mvua inashuka isio ya msimu wake, karafuu inaharibika rangi, daraja linashuka, bei inashuka. Mwani nao hivo hivo, mvua ikiurowesha ukiwa juu ya kichanja chumvi inatoka na mnunuzi anaukataa. Zamani wazee walikuwa wanakwambia masika inaanza siku ngapi za mwaka wa Waswahili na inakuwa kweli. Sasa hivi mama anaangalia mawingu kisha anaangalia simu, na vyote viwili vinamdanganya.

Nimeshasoma sana habari za ule mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022. Nilifurahi, kusema kweli nilitoka machozi, kwa sababu Afrika nzima gesi tunazotoa hazifiki hata asilimia 5 ya dunia na bado tunalipa. Lakini kila nikimfikiria mama nauliza, fomu yake itajazwaje? Tarehe ya maafa: miaka ishirini. Mali iliyopotea: tofauti ya bei baina ya kotonii na spinosumu kwa kila kilo, kila bamvua, tangu 2001. Waathirika: mgongo wa mwanamke na skuli ya binti. Mtu wa Ulaya aliezoea madai ya bima atatafuta jengo lililoanguka. Sisi hatuna jengo, tuna kitu ambacho kingejengwa na hakikujengwa. Ningependa watu wetu wanaokwenda kwenye hio mikutano waibebe hii hesabu, waidai kwa jina lake, na wakati huo huo tukiwa nyumbani tusisubiri wazungu ndo tuwafunze dada zetu kuogelea. Hilo halihitaji mfuko wowote wa dunia.

Jana nimempigia tena. Nikamwambia mama bamvua lijalo naja, nimepata kipimajoto cha maji, tukifunge kwenye kijiti cha shamba tuwe tunaandika kila saa tano. Akacheka akasema "na mimi je, miguu yangu haitoshi?" Halafu akasema sawa, nilete, ila nije na kamba nzito pia, kuna shoga yake ana mjukuu mwenye dau na wamekubaliana watatu kujaribu nje kidogo karibu na mkondo, mistari minne tu kwanza. Nikamuuliza mama nani atakaeingia majini, akasema mjukuu atawashika mkono mpaka wazoee. Mama ana miaka 61.